Jinsi ya kuipasua namba kubwa kwa penseli: tuanze na 61,741,120

Tarehe 31 Oktoba 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza mjini Dodoma matokeo ya Sensa ya Watu na Makazi iliyofanyika Agosti mwaka huo. Tanzania, Bara na Visiwani, ilikutwa na watu 61,741,120. Wengi wetu tuliizungusha namba hiyo ikawa "kama milioni 62 hivi", tukaendelea na shughuli zetu. Mimi nina ugonjwa wangu: nikiona namba ndefu siwezi kuiacha hivihivi mpaka nijue imejengwa kwa matofali gani.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye ugonjwa kama wangu, au mwenye mtoto wa sekondari anayeuliza hesabu hizi zina maana gani. Tutaipasua namba hii moja hatua kwa hatua, na njia zilezile utazitumia kwa namba yoyote ya tarakimu nane, tisa au kumi. Unahitaji karatasi na penseli, na simu yenye kikokotoo kwa ajili ya kuhakiki. Elimu ya darasa la saba inatosha.

Kwanza maneno matatu, maana shuleni wengi tuliyachanganya. Kigawo cha namba ni namba inayoigawa bila kubakiza kitu: 4 ni kigawo cha 12. Kigawe ni kinyume chake: 12 ni kigawe cha 4. Namba tasa ni ile iliyo kubwa kuliko 1 na yenye vigawo viwili tu, yaani 1 na yenyewe: 2, 3, 5, 7, 11, 13 na kuendelea. Namba 1 si tasa. Ukiihesabu kuwa tasa, karibu kila kanuni iliyopo hapa chini itaharibika.

Kazi kubwa ni moja tu, nayo ni kupata vigawo tasa vya namba yako. Ukishavipata, karibu kila swali la tabia yake na kundi lake linajibika kwa mistari miwili mitatu.

Hatua ya 1: Isome sawasawa kabla ya kuigusa

Makosa mengi huingia wakati wa kunakili, na Kiswahili chetu kina mtego wake. Mtu akikutajia "elfu mia moja na ishirini", je, ni 120,000 au 100,020? Ndiyo maana walimu husisitiza "mia moja na ishirini elfu" pale elfu zinapokuwa nyingi, na wafanyabiashara hukimbilia "laki na ishirini". Namba yetu isomeke: milioni sitini na moja, mia saba arobaini na moja elfu, mia moja na ishirini.

Ukiweza, ihakiki kwa sehemu zake. Tanzania Bara ilikuwa na watu 59,851,347 na Zanzibar 1,889,773. Wanawake walikuwa 31,687,990 na wanaume 30,053,130. Jumlisha jozi ya kwanza, kisha ya pili. Zote zinarudi kwenye 61,741,120. Tarakimu zetu ziko salama.

Hatua ya 2: Maliza mbili zote

Namba inaishia na 0, kwa hiyo ni shufwa. Igawe kwa 2, tena na tena, mpaka ukome kwenye namba witiri:

61,741,120 → 30,870,560 → 15,435,280 → 7,717,640 → 3,858,820 → 1,929,410 → 964,705

Hesabu mishale: ni sita. Kwa hiyo 61,741,120 = 2⁶ × 964,705. Usirukeruke hapa. Ukisahau mbili moja, idadi ya vigawo utakayoipata baadaye itakuwa ya uongo, na hakuna kitakachokushtua kwamba umekosea.

Hatua ya 3: Tano na tatu

964,705 inaishia na 5, kwa hiyo inagawanyika kwa 5: tunapata 192,941. Hii inaishia na 1, basi 5 imekwisha.

Kwa 3, jumlisha tarakimu: 1 + 9 + 2 + 9 + 4 + 1 = 26. Namba 26 haigawanyiki kwa 3, kwa hiyo 192,941 nayo haigawanyiki. Sababu si uchawi. Kumi ni 9 na 1, mia ni 99 na 1, elfu ni 999 na 1. Ukiziondoa 9, 99 na 999, ambazo zote zinagawanyika kwa 3, kinachobaki kwa kila tarakimu ni tarakimu yenyewe. Kanuni ya 9 ni hiyohiyo.

Hatua ya 4: Saba, kumi na moja na kumi na tatu kwa pigo moja

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, na inasikitisha kwamba wengi tunamaliza shule bila kuionja. Zidisha 7 × 11 × 13. Unapata 1,001. Maana yake ni kwamba 1,000 ni pungufu ya kigawe cha 7, 11 na 13 kwa moja tu. Basi kata namba yako kwenye mikato, tarakimu tatu tatu kuanzia kulia, halafu toa na kujumlisha kwa zamu.

Kwa 192,941: chukua 941, toa 192. Unapata 749. Sasa badala ya kuhangaika na namba ya laki, unauliza kuhusu 749 peke yake. 749 = 7 × 107, kwa hiyo 7 inaingia. 11 × 68 ni 748, inabaki 1, kwa hiyo 11 haimo. 13 × 57 ni 741, inabaki 8, kwa hiyo 13 haimo. Swali moja limezaa majibu matatu.

Gawa: 192,941 ÷ 7 = 27,563. Rudia kipimo kwa namba mpya, maana 7 inaweza kuwamo mara mbili: 563 − 27 = 536. Namba 536 haigawanyiki kwa 7, wala 11, wala 13. Tumemalizana nazo.

Hatua ya 5: Kugawanya kwa subira, na kujua pa kusimama

Tumebaki na 27,563. Hapa hakuna mkato mzuri. Unajaribu namba tasa moja baada ya nyingine kuanzia 17. Lakini unajaribu hadi wapi? Hadi kipeuo cha pili cha namba iliyobaki. Kama namba ingekuwa zao la namba mbili zote kubwa kuliko kipeuo chake cha pili, zao hilo lingeizidi namba yenyewe. 166 × 166 = 27,556, kwa hiyo mwisho wa kujaribu ni 166. Namba tasa zilizo chini ya hapo hazizidi arobaini, na kwa kawaida bahati hukuokoa kabla ya kufika mwisho.

Kwa 17 inabaki 6. Kwa 19 inabaki 13. Kwa 23 inabaki 9. Kwa 29 inabaki 13. Kwa 31 inabaki 4. Kwa 37 inabaki 35. Kwa 41 inabaki 11. Kwa 43… 43 × 641 = 27,563. Imekubali.

Je, 641 ni tasa? Hauhitaji kujaribu tena hata mara moja. Kila namba tasa iliyo chini ya 43 tumeshaijaribu nyuma na ikakataa, au tulikwisha kuimaliza yote. Kwa hiyo kama 641 ingekuwa na vigawo vingine, vyote vingekuwa 43 au zaidi, na zao lake dogo kabisa lingekuwa 43 × 43 = 1,849. 641 haifiki huko, basi ni tasa.

Jibu letu:

61,741,120 = 2⁶ × 5 × 7 × 43 × 641

Zidisha urudi ulikotoka: 64 × 5 = 320; × 7 = 2,240; × 43 = 96,320; × 641 = 61,741,120. Usiandike jibu kwa wino kabla ya kufanya hivi.

Neno moja kuhusu hatua hii. Kwa tarakimu nane, subira ya nusu saa inatosha. Kwa tarakimu mia kadhaa, hata kompyuta zote za dunia zikiungana zinaweza kushindwa, na ugumu huohuo ndio uliofanywa kufuli. Mwaka 1977 Rivest, Shamir na Adleman walibuni njia ya kuficha ujumbe inayotegemea zao la namba tasa mbili kubwa mno. Rekodi ya kuipasua namba ya aina hiyo iliyotangazwa mwaka 2020 ilikuwa ya tarakimu 250. Kwa hiyo ukichoka kwenye 37, jua kwamba unachokichoka ndicho kinacholinda siri za watu mtandaoni.

Hatua ya 6: Hesabu vigawo bila kuviorodhesha

Kila kigawo cha namba yetu kinatengenezwa kwa kuchagua: uchukue mbili ngapi (hakuna, moja, mbili… hadi sita, yaani njia 7), uchukue 5 au uiache (njia 2), na vivyo hivyo kwa 7, 43 na 641. Zidisha njia hizo: 7 × 2 × 2 × 2 × 2 = 112.

Namba yetu ina vigawo 112. Sasa iangalie tena jinsi ilivyoandikwa: 6174, halafu 112, halafu 0. Idadi ya vigawo vyake imekaa ndani ya tarakimu zake yenyewe! Nakiri nilicheka peke yangu. Ni sadfa tupu, haina maana yoyote, wala usije ukamwachia mtu wa nyota akaifanya biashara. Ile 6174 nayo tutairudia.

Vigawo 112 vinafanya jozi 56. Jozi moja ina matumizi ya kufikirika: tuseme watu wote wale wapangwe kwenye gwaride la mstatili, bila hata mmoja kubaki nje. Mstatili ulio karibu zaidi na mraba ni mistari 6,880 yenye watu 8,974 kila mmoja. Mraba kamili hauwezekani: 7,857 × 7,857 ni 61,732,449, na watu 8,671 wangebaki wamesimama pembeni. Unaweza kulijua hilo bila kugusa kipeuo. Kwenye namba iliyo mraba, kila kigawo tasa huja kwa kipeo kilicho shufwa, na hapa 5, 7, 43 na 641 zimekuja mara mojamoja.

Hatua ya 7: Pungufu, timilifu au zidifu?

Wagiriki wa kale walizigawa namba kwa kuangalia jumla ya vigawo vyake, ukiitoa namba yenyewe. Vigawo vya 6 ni 1, 2 na 3, jumla yake 6: hiyo ni namba timilifu. Vya 8 ni 1, 2 na 4, jumla yake 7: pungufu. Vya 12 ni 1, 2, 3, 4 na 6, jumla yake 16: zidifu.

Kwa namba yetu hatuwezi kukaa kujumlisha vigawo 112. Badala yake chukua kila kigawo tasa, jumlisha vipeo vyake kuanzia 1, kisha zidisha majibu. Kwa mbili: 1 + 2 + 4 + 8 + 16 + 32 + 64 = 127. Kwa 5 ni 6, kwa 7 ni 8, kwa 43 ni 44, kwa 641 ni 642.

127 × 6 × 8 × 44 × 642 = 172,199,808

Toa namba yenyewe: 110,458,688. Imeizidi 61,741,120 kwa mbali, kwa hiyo ni namba zidifu.

Kuna njia ya mkato kwa mwenye haraka. Namba ikiwa zidifu au timilifu, vigawe vyake vyote vinavyoifuata ni zidifu. Namba 28 ni timilifu (1 + 2 + 4 + 7 + 14), na namba yetu ina 4 na 7 ndani yake. Basi jibu lilikuwa wazi kabla hatujazidisha chochote. Vilevile kila kigawe cha 20 ni zidifu, na kila kigawe cha 6 kuanzia 12. Ukikutana na namba inayoishia na 00, usipoteze muda.

Hatua ya 8: Je, inafaa kwa mizani?

Kuna kundi la namba ambalo halitajwi sana nalo lina uzuri wake. Mwaka 1948 Mhindi A. K. Srinivasan aliandika kuhusu namba ambazo, kwa kujumlisha vigawo vyake bila kurudia kimoja mara mbili, unaweza kupata kila namba iliyo ndogo kuliko hiyo. Mfikirie mwenye duka aliye na mawe ya mizani yenye uzito wa vigawo hivyo, jiwe moja la kila aina: anaweza kupima uzito wowote mzima bila kukwama.

Kupima kundi hili ni rahisi ukiwa na vigawo tasa. Anza na mbili, kisha panda. Kila namba tasa inayofuata isizidi jumla ya vigawo vya sehemu uliyokwisha kuijenga, ukiongeza 1. Jumla ya vigawo vya 64 ni 127. 5 haizidi 128, inapita. Ya 320 ni 762, 7 inapita. Ya 2,240 ni 6,096, 43 inapita. Ya 96,320 ni 268,224. 641 inapita kwa raha. Namba ya sensa imo kundini.

Mfano: upate mwaka wenyewe, 2022. Chukua 1,282 (ambayo ni 2 × 641), 641, 64 na 35. Jumlisha uone. Namba witiri, isipokuwa 1, haziingii kwenye kundi hili kamwe, kwa sababu hazina 2 na haziwezi kutengeneza 2.

Hatua ya 9: Miraba miwili

Swali hili ni la zamani na ni tamu: je, namba inaweza kuwa jumla ya miraba miwili, kama 13 ilivyo 9 + 4? Kanuni: angalia vigawo tasa vinavyobakiza 3 ukivigawa kwa 4. Kila kimoja lazima kiwepo kwa idadi shufwa. Kwetu 7 inabakiza 3, na imo mara moja tu. Imekwisha, haiwezekani. Na 43 nayo ina kosa hilohilo.

Kwa miraba mitatu jibu ni ndiyo. Adrien-Marie Legendre aliweka kanuni: ondoa 4 zote, kisha gawa kwa 8, ikibaki 7 ndipo haiwezekani. Kwetu inabaki 964,705, na ukiigawa kwa 8 inabaki 1. Miraba minne haina haja ya kuulizwa, kwani Lagrange alithibitisha mwaka 1770 kwamba inatosha kwa kila namba.

Kituo kidogo kwenye 641

Namba hii tasa ina historia, na sikutegemea kuikuta humu. Katika karne ya 17 Mfaransa Pierre de Fermat aliangalia namba 3, 5, 17, 257 na 65,537. Kila moja inapatikana kwa kuizidisha 2 kwa yenyewe mara 1, 2, 4, 8 au 16 na kuongeza 1, na zote ni tasa. Akaamini kwamba mlolongo utaendelea hivyo. Inayofuata ni 2³² + 1 = 4,294,967,297. Mwaka 1732 Leonhard Euler alionyesha kwamba si tasa: ni 641 × 6,700,417.

Hakubahatisha. Alitambua kwamba kigawo tasa cha namba ile lazima kibakize 1 ukikigawa kwa 64. Kwa hiyo hakuwa na haja ya kujaribu kila namba tasa, bali zile tu za safu ya 65, 129, 193, 257… Toa zisizo tasa, na zinazobaki mwanzoni ni 193, 257, 449, 577 na 641. Ya tano tu ikakubali! Somo la kiufundi kwako: kabla ya kuanza kugawanya, jiulize kama umbo la namba linakuambia ni vigawo gani haviwezi kuwamo.

Hatua ya 10: Michezo ya tarakimu

Hadi sasa kila tulichokipata ni mali ya namba yenyewe. Ukiiandika kwa moja na sufuri kama kompyuta zifanyavyo, au kwa tarakimu za Kirumi, bado ina vigawo 112 na bado ni zidifu. Yanayofuata ni ya nguo yake tu, yaani jinsi tunavyoiandika kwa kumi. Nayaweka mwisho kwa sababu, kwa maoni yangu, watu huyapa uzito usio wake.

Jumla ya tarakimu: 6 + 1 + 7 + 4 + 1 + 1 + 2 + 0 = 22. Je, 22 inaigawa namba? Ingehitaji 11, nasi hatuna 11. Kwa hiyo haimo katika namba ambazo D. R. Kaprekar, mwalimu wa shule wa Devlali nchini India, aliziita Harshad, jina la Kisanskriti lenye maana ya kuleta furaha.

Ni Kaprekar huyohuyo aliyeipa umaarufu 6174, tarakimu nne za mwanzo za namba yetu. Chukua namba yoyote ya tarakimu nne zisizofanana zote. Zipange kutoka kubwa hadi ndogo, kisha ndogo hadi kubwa, utoe. Rudia kwa jibu. Tujaribu 2022:

2220 − 0222 = 1998
9981 − 1899 = 8082
8820 − 0288 = 8532
8532 − 2358 = 6174

Na 7641 − 1467 = 6174; ukifika hapo hutoki. Haizidi hatua saba kwa namba yoyote utakayoanza nayo. Usisahau kuandika sufuri ya mbele kwenye 0222, maana hapo ndipo wengi huharibu.

Kipimo cha "namba yenye furaha" ni kujumlisha miraba ya tarakimu mara kwa mara. Ukifika 1, ina furaha. Yetu inakwenda 108, 65, 61, 37, 58, 89, 145, 42, 20, 4, 16, na kurudi 37. Inazunguka kama daladala. Haina furaha.

Hatua ya 11: Namba mbili kwa pamoja

Wakati mwingine huhitaji vigawo tasa kabisa, unahitaji tu Kigawo Kikubwa cha Shirika, KKS. Hapo njia ya Euklidi ina kasi kuliko kupasua: gawa kubwa kwa ndogo, chukua baki, ugawe ndogo kwa baki hilo, uendelee mpaka baki liwe 0. Baki la mwisho kabla ya 0 ndilo KKS.

Tuchukue wanawake 31,687,990 na wanaume 30,053,130. Mabaki yanashuka hivi: 1,634,860, 625,650, 383,560, 242,090, 141,470, 100,620, 40,850, 18,920, 3,010, 860, 430, 0.

KKS ni 430, yaani 2 × 5 × 43. Sikutarajia 43 ijitokeze tena. Maana yake ni kwamba watu wote wa sensa wangeweza kugawanywa katika makundi 430 yaliyo sawasawa kabisa, kila moja likiwa na wanawake 73,693 na wanaume 69,891. Kuanzia namba za mamilioni hadi jibu, tumegawanya mara kumi na mbili tu.

Ukitaka kuona jinsi mambo haya yalivyo mepesi kuvunjika, ongeza mtoto mmoja aliyezaliwa asubuhi ya pili yake. 61,741,121 haina 2, wala 5, wala 7, wala 43, wala 641, kwa sababu namba mbili zinazofuatana haziwezi kushirikiana kigawo chochote zaidi ya 1. Tumia mikato: 121 − 741 + 61 = −559, nayo ni 13 × 43 yenye alama ya kutoa. Kwa hiyo 13 inaingia, na ndiyo tasa ndogo kuliko zote ndani yake. (Ile 43 iliyojitokeza hapo ni ya 559 tu. Kipimo cha mikato kinaamini 7, 11 na 13. Usikisingizie zaidi ya hapo.)

Zoezi, kwa Wakenya hasa

Sensa ya Kenya ya Agosti 2019 ilitoa watu 47,564,296. Maliza mbili zote, uzipate tatu. Inayobaki ipime kwa mikato: 537 − 945 + 5 = −403, nawe ujue ni ipi kati ya 7, 11 na 13 inayoigawa 403. Gawa, kisha jaribu 17 na 19. Mwisho utabaki na 24,071. Ili uthibitishe kwamba ni tasa, utajaribu namba tasa zote kuanzia 19 hadi 151, jumla mara 29. Weka chai karibu. Ukihesabu vigawo ukapata 32, umefanya sawa. Na kama ni zidifu au la, usizidishe chochote: angalia tu vigawo vya 104.